Mikoko Haikosi Miche

Hakuna kazi ya mazingira inayopendwa pwani siku hizi kama kupanda mikoko. Basi hukodiwa, fulana zenye nembo ya mfadhili hugawiwa, mgeni rasmi huvishwa mabuti, na maji yakishakupwa watu mia mbili hushuka topeni, kila mmoja na mbegu yake ndefu ya kijani mkononi. Hotuba huwa fupi kwa kuwa jua ni kali na maji hayana subira. Jioni taarifa ya habari hutaja idadi ya miche, na idadi hiyo ndiyo habari yenyewe. Tangu Desemba 2022, Kenya ilipoweka lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, mikoko nayo imeingizwa katika hesabu za kitaifa. Tanzania Bara na Zanzibar shughuli ni zile zile, fulana tu ndizo zenye rangi nyingine.

Nasema wazi: sehemu kubwa ya upandaji huu haiokoi mikoko. Miche mingi hufa kabla ya kutimiza mwaka, na mingine, ikibahatika kushika, huharibu pahali palipokuwa pazima. Imani kwamba mikoko ikipungua dawa yake ni kuipanda ilizaliwa nchi kavu, ikateremka ufukweni bila kuvua viatu. Bara, mtu akikata mvule, usipopanda mwingine huenda usiuone tena maishani mwako. Huko kupanda mti ni wema usiohitaji maelezo. Mkoko si mti wa namna hiyo.

Utazame mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayotoka shinani juu kwa juu, ikajipinda hewani na kuzama topeni. Mbegu yake haingoji kuanguka ndipo iote. Huota ikiwa bado imening'inia kwenye tunda, ikarefuka hadi nusu mita hivi, nzito upande wa chini, imechongoka. Ikidondoka maji yakiwa yamekupwa, huenda ikajichoma topeni hapo hapo. Ikidondoka maji yamejaa, huelea, kwanza imelala, baadaye imesimama, siku hata wiki, mpaka iguse chini mahali panapoifaa. Mkandaa una mbegu zake fupi zenye mifuo. Mchu humwaga zake bapa ambazo hupasuka ganda zikiwa majini. Msimu ukifika mkondo mzima huwa umejaa mbegu zinazosafiri, na anayezipanda ni bahari, bila bajeti wala kamati.

Kwa hiyo ukikuta upara wenye mikoko hai pembeni yake, na miaka inapita pasiote kitu, ujue hapo hapajakosa mbegu. Mbegu zimekuja, bamvua baada ya bamvua, zikashindwa. La kuuliza ni kilichozishinda. Lakini mpango wa kupanda hauna nafasi ya swali hilo, kwa sababu anayelijibu kwanza mara nyingi hugundua kwamba mche hauhitajiki, na bila mche hakuna sherehe.

Kinachozishinda, kuliko kingine chochote, ni kipimo cha maji. Mikoko ni miti ya pande mbili, lakini watu hudhani kwamba kwa kuwa inavumilia chumvi basi inapenda kuzama. Sivyo. Pwani yetu, wakati wa bamvua, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na katika ngazi hiyo yote mikoko imejibana nusu ya juu, kuanzia karibu na usawa wa wastani wa bahari hadi pale maji makubwa yanapofika kwa nadra. Maana yake ni kwamba mkoko hukaa hewani muda mrefu kuliko unavyokaa majini. Mizizi yake hupumua kwa vitundu vidogo vilivyo juu ya tope. Ile ya mchu husimama wima kwa maelfu kuuzunguka mti, na kazi yake ni hiyo ya kuvuta hewa. Ikifunikwa kupita kiasi, kwa maji au kwa mchanga, mti hukosa pumzi ukafa ukiwa umesimama.

Ndani ya ngazi hiyo kila mti una daraja lake. Mlilana hutangulia mbele kabisa, unakabili mawimbi. Mkoko hufuata, hasa kandokando ya mikondo. Muia na mkandaa hukaa ndani zaidi. Mchu ni wa ajabu kidogo, utaukuta mbele karibu na mlilana na tena nyuma kabisa kwenye chumvi kali, ukiwa kibete. Mkomafi na msikundazi hupenda ukingoni, maji ya mto au ya mvua yanapopunguza chumvi. Kati ya daraja na daraja tofauti inaweza kuwa shubiri mbili tatu tu. Mwenye shaka na achomeke ufito wenye alama asubuhi ya bamvua, kisha aone jinsi maji yanavyofunika mahali pamoja kwa saa nyingi na pa jirani kwa dakika.

Sasa tazama tunapopanda. Tunapanda kwenye tope tupu lililo mbele ya msitu, upande wa bahari, kwa kuwa ni wazi, picha za droni hutoka vizuri, na hakuna mtu wa kudai kwamba pale ni pake. Tunapanda mkoko, mti uleule mmoja, kwa kuwa mbegu yake ni kubwa na hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuichomeka. Mlilana, ambao ndio wenye uwezo wa kusimama mbele kule, una mbegu ndogo zinazotaka kitalu na uvumilivu, basi huachwa. Tunachukua mti usio wa pale na kuuweka katika kina kisicho chake, kisha tunashangaa.

Rudi baada ya miezi sita, maji yakiwa yametoka kabisa. Mistari bado inaonekana, imenyooka vizuri, maana wapandaji walipewa kamba. Fimbo zimesimama lakini hazina majani, au zina majani mawili ya manjano. Kuanzia chini hadi karibu na kilele zimevaa magamba, wale viumbe wagumu ambao mvuvi huwakwangua chini ya ngalawa, na uzito wao umeziinamisha. Mwani umejiviringisha kwenye fimbo nyingine na kila wimbi linapopita huzivuta. Kati ya mistari kuna vifuko vya plastiki vya kitalu ambavyo hakuna aliyekumbuka kuviokota. Hapo hakuna mgeni rasmi.

Na tope lile halikuwa tupu, ingawa kwa macho ya nchi kavu ardhi isiyo na mti ni ardhi iliyoharibika. Chuchumaa, utulie kidogo, utaona mashimo yakianza kutoa wenyewe. Kaa mdogo dume hutokeza mkono wake mmoja mkubwa, mwekundu au mweupe, akaupunga kuita majike. Kuna kile kisamaki chenye macho juu ya kichwa, kinachotembea topeni kwa mapezi yake na kupanda juu ya mizizi. Kinahifadhi maji mashavuni, na ngozi yake ikiwa mbichi hupumua nayo. Mwachie maji tu na hana raha, mkaushe na atakufa. Hicho ndicho kiumbe cha pwani hasa kuliko sisi tunaojiita hivyo. Nyuma, chini ya miti, kaa wengine hukokota majani makavu na kuyaingiza mashimoni. Bila wao majani mengi yangechukuliwa na maji, na mashimo yao ndiyo yanayopitisha hewa kwenye tope ambalo vinginevyo lingenuka tu. Hori la Mida, karibu na Watamu, hupokea maelfu ya ndege waliohama kutoka kaskazini ya mbali, na chakula chao kiko kwenye tope wazi, si mitini. Wanawake wanaochokoa chaza nao ni hapo hapo wanapochokoa. Penye majani ya bahari mambo ni mabaya zaidi, kwani hapo ni malisho ya kasa na tafi. Mradi ukifaulu kuotesha mikoko juu ya majani hayo utakuwa umeondoa kitu kizima ili uweke kingine, kisha uandike ripoti ya mafanikio.

Wenzetu wametangulia katika kosa hili, na wao walau walihesabu. Ufilipino ilitumia fedha nyingi kwa miongo kadhaa. Mwaka 2008 watafiti Primavera na Esteban walipotathmini, walikuta kwamba miche iliyoishi ilikuwa asilimia 10 hadi 20 tu, na sababu kubwa ilikuwa hii hii: kupandwa chini mno, mahali mikoko haijawahi kukaa. Sri Lanka, baada ya tsunami ya 2004, mikoko ilisifiwa ulimwengu mzima kwa kupunguza nguvu ya mawimbi, na fedha za kupanda zikamiminika. Tathmini iliyochapishwa 2017 ilikagua maeneo 23, na katika 9 kati yake hapakubaki hata mche mmoja ulio hai. Pakistan nako, mwaka 2013, watu 300 walipanda miche 847,275 kwa siku moja na kuandikwa katika kitabu cha rekodi za dunia. Rekodi ile huhesabu iliyochomekwa kabla jua halijazama. Haiulizi kesho yake.

Hapa nitajibiwa kwa jina moja: Gazi. Na ni haki, kwa sababu Gazi, kule Kwale, kupanda kulifaulu. Lakini wanaoitaja huwa hawaisimulii yote. Katika miaka ya 1970 sehemu ya msitu ule ilifyekwa yote kwa ajili ya kuni za viwanda. Mchanga ukahama, miti mizazi ikawa haipo, na miaka ikapita bila msitu kurudi. Ndipo, kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa bahari pamoja na wanakijiji wakapanda pale pale palipokuwa na mikoko, kila aina katika daraja lake, na wakaendelea kupima mwaka hadi mwaka. Hiyo ndiyo hali ambayo mche una kazi: msitu uliokuwapo, chanzo cha mbegu kilichokatika, ardhi iliyo katika usawa wake. Mimi sina ugomvi na mche uliopandwa hivyo.

Tena mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza hapo Gazi mwaka 2013 na kuwa wa kwanza wa kijamii kuuza hewa ukaa ya mikoko, unapata fedha zake hasa kwa kulinda msitu uliosimama, hekta 117, ambao unahifadhi kaboni mitini na zaidi topeni. Upandaji ndani yake ni sehemu ndogo. Kinachowaletea Gazi na Makongeni maji ya bomba na vitabu vya shule ni miti ambayo haikukatwa. Ajabu ni kwamba mfano huo ndio unaotumiwa kuombea fedha za miche.

Basi mikoko inakufaje? Inatofautiana, na ndiyo maana dawa moja haiwezi kufaa. Mwache, nyuma ya bandari ya Mombasa, mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilishusha udongo kutoka kwenye vilima vilivyolimwa vikabaki wazi, ukafunika mizizi ya kupumulia, na miti ikakauka kwa wingi. Mahali kama hapo ugonjwa unaanzia juu mlimani, kwenye shamba lisilo na matuta. Unaweza kupanda chini kila mwaka na kila mvua kubwa itakufukia. Kwingine barabara imepita katikati ya mkono wa bahari, na mkandarasi akaweka bomba moja jembamba pale palipokuwa na mkondo mpana. Upande wa ndani maji yanatuama, yanachemka kwa jua, chumvi inapanda, mchu unabaki peke yake kisha nao unasalimu amri. Gongoni na Ngomeni, na sehemu nyingi za Tanzania kuanzia Bagamoyo hadi kusini, tuta la jaruba la chumvi limezuia maji yasiingie. Hakuna mche unaoota nyuma ya tuta.

Delta ya Rufiji inanisumbua kuliko zote. Ndiyo kubwa, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara iko huko. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mto ulibadili njia, maji mengi matamu yakaelekea kaskazini mwa delta, na wakulima wa mpunga wakafuata maji hayo, wakafyeka mikoko wakalima. Serikali huwaita wavamizi, wao hujiita wenyeji, na kila baada ya muda kunakuwa na kufukuzana. Wakati huohuo, juu ya mto, Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, mitambo yake ikiwa na uwezo wa megawati 2,115. Sibishani hapa juu ya umeme. Nasema tu kwamba delta imejengwa kwa tope la mto, na bwawa lolote hukamata tope. Pia gharika za mto ndizo zinazoamua mpunga uishie wapi na mkoko uanzie wapi. Maji yatafunguliwaje, lini, na kwa kiasi gani: hilo ndilo suala la mikoko ya Rufiji kwa miaka 50 ijayo, na linaamuliwa kwenye vyumba ambavyo havina mtu wa mikoko. Hakuna kitalu kinachozalisha tope.

Wapo watakaosema, haya, lakini afadhali kufanya kidogo kuliko kukaa kitako. Ingekuwa kweli kama upandaji ungekuwa bure. Hauko bure. Bajeti ni moja, na mfadhili akishahesabiwa miche hatauliza habari za bomba la barabarani. Afisa naye akishafikisha idadi yake hana sababu ya kwenda kugombana na mwenye jaruba. Upandaji umekuwa ndiko kukaa kitako kwenyewe, ila kwa jasho.

Wengine hutetea elimu ya watoto. Sawa, wapelekwe. Ila tuangalie wanajifunza nini. Wanajifunza kwamba tope ni uwanja mtupu unaosubiri binadamu aujaze, na kwamba mti ukishachomekwa kazi imekwisha. Wangepelekwa kuhesabu kaa katika mita moja ya mraba, au kupima maji yanafika wapi bamvua na wapi maji mafu, wangerudi wanajua jambo ambalo baadhi ya walimu wao hawalijui.

Hoja yenye uzito ni ya akina mama wa vitalu. Vikundi vingi vya pwani huuza miche kwa mashirika, na fedha hizo hulipa karo na dawa. Sitaki zikatwe. Lakini mbona kazi nyingine za mikoko haziwi na malipo? Kuzibua mkondo uliozibwa na mchanga ni kazi ya jembe na beleshi, ya watu wengi kwa siku nyingi. Kupima miche iliyojileta yenyewe, kila miezi mitatu, kwa miaka mitano, ni kazi. Kulinda doria ni kazi. Anayelipa kwa kila mche huzalisha miche, na akilipa kwa kila hekta iliyorudiwa na maji na kuota yenyewe, wale wale akina mama watajua pa kwenda kuliko yeye.

Kuna na mtu mwingine asiyealikwa kwenye sherehe hizi: mkata boriti. Kwa karne nyingi majahazi yalibeba boriti za Lamu na Rufiji hadi Ghuba, na paa za nyumba za kule zikajengwa kwa urefu wa boriti zetu; Kenya ilipiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Huyu mtu amelaumiwa vya kutosha, na mara nyingine kwa haki. Lakini anajua, kwa mikono yake, kwamba mchu na mlilana hukatwa ikachipua tena kisikini, ilhali mkoko mkubwa ukishakatwa kisiki chake hakichipui. Anajua ni wapi palipokatwa pakarudi na wapi hapakurudi. Katika nchi yenye akili angekuwa mshauri wa kwanza kuulizwa kabla mbegu moja haijaagizwa.

Marekani kulikuwa na mtaalamu aitwaye Roy Lewis, aliyetumia maisha yake kwenye fukwe za Florida. Yeye alisisitiza kwamba kwanza urudishe maji, kupanda kuje mwisho kama kutahitajika. Katika miaka ya 1980, karibu na mji wa Hollywood wa huko Florida, eneo la mamia ya hekta lilishushwa usawa pale lilipofukiwa, mikondo ikachimbwa upya, na mikoko ikaja yenyewe. Ni kazi yenye gharama, yenye vumbi na tingatinga, isiyo na picha ya mtoto na mche.

Kwa nini basi hatufanyi hivyo? Sidhani ni kwa kutojua. Miongozo ipo, wataalamu wetu wameiandika na wengine wanaifundisha. Nadhani ni kwa sababu mahali ambapo mikoko ingerudi haraka kuliko kwingine kote ni mahali penye mwenyewe: jaruba la chumvi lililotelekezwa lenye hati mfukoni mwa mtu fulani, bwawa la kamba lililoshindwa, barabara ya wizara, shamba la mpunga la familia isiyo na pengine pa kulima. Ukienda huko utakutana na wakili, au mheshimiwa, au mkulima mwenye njaa. Tope la mbele halina wakili. Ufilipino ilikuwa hivyo hivyo. Mabwawa ya samaki yalikuwa yamekalia ardhi ya mikoko, basi miche ikasukumwa baharini.

Serikali za kaunti na halmashauri zetu zinayo orodha ya majaruba yote na tarehe za mikataba yao, na kama hazinayo, zinaweza kuipata kwa wiki. Zianze na yale ambayo muda umekwisha na hakuna chumvi inayovunwa. Tuta livunjwe pale mkondo wa zamani ulipopita, hata kama gari halifiki. Kisha watu wasubiri misimu miwili ya mbegu, wakihesabu. Patakapoota, wasiguse. Patakapobaki peupe, wapime usawa wa ardhi na chumvi yake, wawaulize wakata boriti palikuwa na mti gani, na hapo ndipo oda ya kitalu iandikwe.